Machicha si Taka: Vitafunwa Visivyopikwa na Usalama wa Mlaji

Katika majiko ya pwani ya Afrika Mashariki, nazi ikishakunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu, njia za vitu viwili huachana. Tui huenda chunguni, kwenye wali, samaki na mbaazi. Machicha huenda kwa kuku. Kwa vizazi vingi mgawanyo huo haukuwa na hasara, kwa kuwa kuku aliyelishwa machicha alirudisha fadhila kwa yai. Katika nyumba nyingi za mijini leo hakuna kuku, na machicha huishia kwenye ndoo ya taka.

Wakati huohuo maziwa yanayokamuliwa kutoka katika mbegu zenye mafuta yamepata watumiaji wapya. Wapo ambao matumbo yao hayavumilii laktosi, sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Wapo wenye mzio wa maziwa hayo. Wapo pia waliochagua mlo wa mimea mitupu, usio na nyama, maziwa, mayai wala asali. Watu hawa husaga lozi, korosho au karanga kwa maji, wakazichuja na kunywa maji yake meupe. Lozi na korosho si bidhaa za bei nafuu, na anayezinunua huona uchungu kutupa kilichobaki kitambaani. Ndipo ulipozuka utaratibu wa kuyachanganya machicha na tende na viungo, kuyafinyanga na kuyaliwa bila kupikwa.

Utaratibu huo ni mzuri, ni rahisi na hauhitaji mkaa wala gesi. Hata hivyo, huleta maswali katika chumba cha daktari na katika kliniki ya lishe. Je, mwenye kisukari anaweza kula? Mtoto je? Mjamzito? Je, kitu kisichopita motoni ni salama? Jibu fupi ni kwamba machicha ni chakula halali chenye faida, lakini moto ulikuwa ukifanya kazi ambayo wengi hawakuiona. Anayeuondoa moto hana budi kuifanya kazi hiyo kwa njia nyingine: kwa kuchagua vizuri, kwa usafi, kwa baridi na kwa kuchunga saa.

Kinachobaki kitambaani

Gramu 100 za lozi kavu huwa na takriban gramu 50 za mafuta, gramu 21 za protini na gramu 12 za makapimlo, yaani nyuzinyuzi. Korosho za uzito huohuo zina takriban gramu 44 za mafuta, gramu 18 za protini na gramu 3 tu za makapimlo. Nyama ya nazi mbichi ina takriban gramu 33 za mafuta, gramu 3 za protini na gramu 9 za makapimlo.

Wakati wa kukamua, sehemu ya mafuta na protini huchukuliwa na maji, na ndiyo inayoyapa maziwa weupe na uzito wake. Makapimlo yasiyoyeyuka hayapiti kitambaani. Hubaki kwenye machicha, pamoja na mafuta na protini ambazo maji hayakuweza kuzibeba. Kwa hiyo anayekunywa maziwa ya lozi na kutupa machicha anatupa karibu makapimlo yote aliyoyanunua, nayo ndiyo husaidia choo kuwa laini, hurefusha hisia ya kushiba na hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku kutokana na vyakula vya asili.

Tofauti ya makapimlo ndiyo inayoeleza jambo ambalo kila anayejaribu huligundua upesi: lozi na nazi huacha machicha mengi yenye chembechembe, ilhali korosho zilizolowekwa na kusagwa vyema huacha machicha machache na laini. Ni busara kuchagua kitafunwa kwa kufuata aina ya machicha yaliyopo.

Machicha yana upungufu wake pia. Hayana vitamini B12, na maziwa ya mimea yanayotengenezwa nyumbani hayana vitamini hiyo wala kalsiamu iliyoongezwa kiwandani. Vilevile mbegu hizi zina fitati, kemikali asilia inayozuia sehemu ya madini ya chuma yasifyonzwe. Kuzila pamoja na chungwa, pera au maji ya ndimu husaidia, kwa sababu vitamini C huongeza ufyonzwaji wa chuma kitokacho kwenye mimea.

Kazi ya moto isiyoonekana

Wafuasi wa mlo usiopikwa huweka kikomo cha joto, ambacho wengi wao hukitaja kuwa kati ya nyuzi 40 na 48 za Selsiasi. Hukausha machicha juani au katika mashine ya joto la chini ili kupata unga. Hapa panahitajika tahadhari ya kitaalamu. Kanuni za usalama wa chakula za Shirika la Afya Duniani huutaja ukanda wa nyuzi 5 hadi 60 kuwa ndio ambamo vijidudu huongezeka kwa kasi, na huelekeza chakula kifikie nyuzi 70 katikati yake ili kiwe salama. Kwa hiyo joto linaloheshimiwa na mlo usiopikwa limo ndani kabisa ya ukanda wa hatari. Machicha mabichi yaliyotandazwa sinia siku ya mawingu hayakauki, huchacha.

Bakteria wa Salmonella wanaweza kudumu muda mrefu kwenye mbegu kavu bila kuongezeka, wakingoja maji. Kuloweka na kusaga huwapa maji hayo. Nchini Marekani, milipuko ya ugonjwa iliyotokana na lozi mbichi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisababisha kanuni iliyoanza Septemba 2007, inayotaka lozi za California zinazouzwa nchini humo zipitie hatua ya kupunguza bakteria. Mwanzoni mwa mwaka 2014, mamlaka za afya za nchi hiyo zilichunguza watu 17 waliougua kutokana na Salmonella, na uchunguzi ukaelekeza kwenye jibini la mimea lililotengenezwa kwa korosho mbichi zilizochachushwa. Kitafunwa cha mimea mitupu hakina nyama, lakini kinaweza kuwa na vijidudu.

Hatari ya pili haiondoki hata kwa moto. Ni sumukuvu, na hasa aflatoksini, inayotengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus kwenye karanga, mahindi na mbegu nyingine zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Mwaka 2004 nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 mlipuko kama huo ulitokea Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kiasi kidogo kinacholiwa kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Kuchemsha na kukaanga kwa kawaida hakuiondoi. Kinga iliyopo jikoni ni kuchambua: kutoa na kutupa kila mbegu iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ladha chungu. Mbegu hizo hazifai kusagwa, na kuku pia hawapaswi kulishwa.

Kuchagua mbegu na maji

Kwa mkazi wa pwani, nazi nzima iliyovunjwa siku hiyohiyo ni mwanzo mzuri, kwa kuwa nyama yake imefungwa ndani ya kifuu hadi dakika ya kuvunjwa. Uchafu huingia baadaye: kwenye meno ya mbuzi, kwenye mikono na kwenye kifumbu ambacho matundu yake huficha mabaki ya jana. Kitambaa safi cha pamba, kinachochemshwa baada ya kila matumizi na kuanikwa juani, ni salama zaidi.

Korosho zinazouzwa kwa jina la mbichi si mbichi kwa maana kamili. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, jambo linalofahamika vyema kwa wabanguaji wa Mtwara na Lindi. Kwa sababu hiyo, korosho ghafi kwa kawaida hupitishwa kwenye mvuke au joto kali kabla ya kubanguliwa. Hata hivyo, baada ya hapo huguswa na mikono mingi. Joto la kubangulia lisichukuliwe kuwa dhamana ya usafi.

Karanga ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi kwa sababu ya sumukuvu. Anayezitumia azinunue zikiwa nzima, kavu na zenye rangi moja, azichambue kwa mkono mahali penye mwanga, na asikubali unga wa karanga uliokwishasagwa ambao asili yake haijulikani.

Maji ya kulowekea na kusagia yawe yamechemshwa na kupoa. Katika chakula kinachopikwa, maji yasiyo salama husahihishwa na moto. Katika chakula kisichopikwa hakuna wa kuyasahihisha, na panapokuwa na kipindupindu au homa ya matumbo kosa hilo ni zito. Mbegu zilowekwe ndani ya jokofu kwa saa 8, si juu ya meza usiku kucha katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Maji ya kulowekea yamwagwe, na mbegu zisuuzwe kabla ya kusagwa.

Vitafunwa vitatu

Cha kwanza ni vitonge vya nazi na tende. Huhitajika vikombe 2 vya machicha ya nazi yaliyokamuliwa vizuri, tende 12 za ukubwa wa kawaida zilizooshwa na kutolewa kokwa, nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa na chembe ya chumvi. Tende huroweshwa kwa maji moto kwa dakika 10, huchujwa na kupondwa kwenye kinu au blenda hadi ziwe rojo zito. Machicha na viungo huongezwa, mchanganyiko ukakandwa hadi ushikamane, kisha hufinyangwa vitonge 18 vinavyozidi kidogo ukubwa wa kungumanga. Vikipenda kumeguka, kijiko kimoja cha tui huviunganisha. Hukaa katika jokofu saa moja kabla ya kuliwa.

Cha pili ni kashata isiyopikwa. Kashata inayofahamika hupikwa kwa sukari iliyoyeyushwa. Hii hushikanishwa na tende. Kikombe kimoja cha machicha ya lozi huchanganywa na nusu kikombe cha nazi mbichi iliyokunwa, rojo la tende 10, nusu kijiko cha chai cha mdalasini na ganda la chungwa lililooshwa na kukunwa. Mchanganyiko hushindiliwa katika sinia dogo kwa unene wa kidole, huwekwa kwenye sehemu ya kugandishia kwa saa 2, kisha hukatwa vipande vya pembe nne kama ilivyo desturi ya kashata.

Cha tatu kinafaa kwa machicha machache ya korosho, na kwa mzee ambaye meno yamempungukia. Machicha hayo huchanganywa na ndizi mbivu moja iliyopondwa, matone ya ndimu na iliki kidogo, kisha huliwa papo hapo kwa kijiko. Hakina tende na hakihifadhiwi.

Machicha yasiyotumika mara moja yaingie katika jokofu lenye joto chini ya nyuzi 5 ndani ya saa 2 tangu kukamuliwa, na yatumike kabla ya siku 2 kwisha. Vitonge na kashata vikae humo kwa siku 3, au vigandishwe kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, vitupwe. Nyumba isiyo na jokofu itengeneze kiasi cha kuliwa katika kikao kimoja. Harufu ya kuchacha, ute au ladha kali ni dalili za kutupa. Lakini kukosekana kwa dalili hizo si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa vijidudu vingi vinavyougua watu havibadilishi harufu wala ladha.

Wanaohitaji tahadhari

Mwenye kisukari asidanganywe na maneno "haina sukari". Tende moja ya kawaida, yenye uzito wa takriban gramu 7, hubeba karibu gramu 4.5 za sukari yake ya asili. Tende kubwa za aina ya medjool hufikia gramu 16. Kwa kipimo kilichotajwa, kila kitonge cha nazi kina takriban gramu 3 za sukari itokayo kwenye tende, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Vitonge 2 vinaweza kuingia katika mpango wa chakula wa siku. Sahani nzima haiwezi. Anayejipima sukari nyumbani apime kabla ya kula na saa 2 baadaye, ili mwili wake mwenyewe umpe jibu.

Mwenye ugonjwa wa moyo au lehemu nyingi akumbuke kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba, tofauti na yale ya lozi. Kwake yeye kashata ya lozi, nazi yake ikipunguzwa, ni chaguo bora kuliko vitonge vya nazi. Mgonjwa wa figo aliyeelekezwa kupunguza potasiamu na fosforasi azungumze kwanza na ofisa lishe, kwa sababu tende, ndizi na mbegu hizi zina madini hayo kwa wingi.

Mzio wa karanga, lozi au korosho hauondolewi kwa kukamua. Protini inayousababisha ipo katika machicha vilevile, na punje ndogo yaweza kutosha kuleta uvimbe wa midomo, vipele, kutapika, kubanwa pumzi na kushuka kwa shinikizo la damu. Dalili za pumzi au kuzirai ni dharura inayohitaji adrenalini na kufikishwa hospitalini bila kuchelewa. Kwa hiyo kitafunwa kinachopelekwa shuleni, msibani au sherehani kitajwe wazi kimetengenezwa kwa mbegu gani.

Wajawazito, wazee dhaifu, watoto wadogo, wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa kiungo, na wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, wasile vitafunwa hivi vikiwa vibichi. Hawalazimiki kuvikosa. Machicha yakiwa bado na maji huwekwa katika sufuria na kukorogwa juu ya moto hadi yatoe mvuke kote, kisha hupozwa na kuchanganywa na tende zilizochemshwa. Ni vyema kuyapasha yakiwa na unyevu, kwa kuwa Salmonella huvumilia joto zaidi pakiwa pakavu. Ladha hubadilika kidogo tu, na makapimlo hayapotei.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama. Maziwa ya lozi, korosho au nazi si mbadala wa maziwa ya mama wala wa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na mtoto anayelishwa hayo peke yake huingia katika hatari ya utapiamlo mkali. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe mbegu nzima, kwa sababu ya kupaliwa. Kitonge kilichopashwa moto kikatwe vipande vidogo, naye ale akiwa ameketi na akiangaliwa.

Maswali ya kuuliza katika kliniki

Mgonjwa anapomweleza mhudumu wa afya kwamba ameanza kunywa maziwa ya mimea na kula machicha yake, kumkemea hakumsaidii, na kumsifu bila kumuuliza kunaweza kumdhuru. Maswali manne yanatosha kufungua mazungumzo yenye manufaa. Mbegu zilinunuliwa wapi, na zilichambuliwa? Maji yalichemshwa? Machicha yalikaa muda gani nje ya jokofu? Na nyumbani ni nani mwingine anayekula, hasa mtoto, mjamzito au mgonjwa?

Kwa aliyeacha kabisa vyakula vya wanyama, swali la tano ni la lazima: anapata wapi vitamini B12? Ganzi ya miguu na mikono, uchovu, kusahausahau na upungufu wa damu vinaweza kujitokeza baada ya miaka kadhaa, kwa kuwa ini hutunza akiba ya vitamini hiyo kwa muda mrefu. Ganzi hiyo isipotibiwa mapema huweza kubaki, na kwa mwenye kisukari ni rahisi kuidhania kuwa ni ya kisukari, hasa akiwa anatumia metformini, dawa ambayo nayo hupunguza ufyonzwaji wa B12. Hapo kipimo cha damu na vidonge vya nyongeza vina thamani kuliko mawaidha marefu.

Machicha yaliyokuwa yakienda kwa kuku yanaweza kurudi mezani bila madhara. Mbegu zichambuliwe, maji yachemshwe, kitambaa kisafishwe, saa zihesabiwe, na asiyestahili kula kibichi apashiwe kwanza.